Treni ndogo inaanguka, inazima, inapiga shoti: anza na reli kabla hujafungua kichwa

Wakuu, mtu akishapanga reli zake za treni ndogo mezani, akawasha umeme, treni ikazunguka nusu raundi halafu ikalala ubavu, wa kwanza kulaumiwa ni kichwa cha treni. Hata mimi nilianzia huko. Niliwahi kufungua kichwa kizima kisicho na kosa lolote, nikapoteza springi moja nyembamba kama unywele ambayo mpaka leo sijaiona, kumbe shida ilikuwa kiungio kimoja cha reli, kile kibati kidogo kinachoshika ncha mbili, reli ya upande mmoja ilikuwa imekaa juu yake badala ya kuingia ndani. Tofauti yenyewe hata milimita moja haifiki. Tangu siku hiyo sigusi bisibisi kabla sijaipitia njia yote kwa kidole.

Ninachotumia ni kipimo cha HO, yaani 1:87, treni ndogo mara 87 kuliko ya kweli, upana wa njia milimita 16.5. Zidisha 16.5 kwa 87 unapata kama 1435, ndo upana wa SGR. Reli ya kati ya zamani ni mita moja, kwa hiyo anayetaka kuiiga kwa kipimo hichohicho anatakiwa anunue njia ya milimita 12, na Tazara yenye 1067 nayo inaangukia hapohapo. Mimi nilianza nikitaka stesheni ya Tabora, nikaletewa reli za 16.5, sasa wageni wakija nawaambia hii ni SGR, yameisha. Wenye N, ile ya 1:160 na milimita 9, mengi ya humu yanawahusu ila kosa dogo kwenu linauma zaidi.

Swali la kwanza kabisa

Inaangukia wapi, na nani anaanguka? Chukua tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, kila treni ikiacha njia bandika kipande mahali ilipotoka na andika behewa gani lilitoka. Fanya hivyo jioni nzima usirekebishe chochote. Mwisho angalia meza yako. Kama tepu zimerundikana sehemu moja na mabehewa ni tofauti tofauti, hiyo ni reli. Kama behewa ni lilelile na tepu zimetawanyika meza nzima, angalia magurudumu yake. Kama ni behewa lilelile mahali palepale tu, hapo wamekutana wawili wenye makosa madogo, reli ina kasoro kidogo na behewa lina kasoro kidogo, kila mmoja peke yake anavumilika, na hiyo ndo inayosumbua watu miezi.

Halafu simu. Laza simu mezani kamera iwe usawa wa reli, weka slomoshen, pitisha treni taratibu. Utaliona gurudumu linapanda wapi. Jicho peke yake linaona treni ikiwa imeshaanguka, halioni ilipoanza, na mara nyingi inaanza sentimita kumi nyuma ya pale unapopalaumu.

Inaangukia kwenye jointi

Pitisha ukucha juu ya reli na upande wake wa ndani, pande zote mbili za jointi. Ukucha ukikwama basi na gurudumu litakwama. Sababu ya kawaida ni ile yangu, reli imepanda juu ya kiungio. Inama uangalie kwa tochi, utaona ncha moja iko juu kuliko mwenzake. Irudishe nyuma, chomeka upya. Kama kiungio kimeshalegea tupa, weka kipya, msihangaike kukibana na koleo mara tatu tatu, hakirudi.

Sababu ya pili ni kukata reli na kuiacha na meno. Ukikata kwa msumeno wa chuma au kwa koleo lazima ufuate na tupa laini, sawazisha uso, halafu pembe ya juu na ya ndani uipunguze kidogo tu isiwe kali. Nikisema kidogo namaanisha mipito miwili mitatu ya tupa. Jamaa yangu mmoja aliifanya kwa grainda, akapata shimo, sasa treni yake ikipita pale inapiga tak tak kama behewa halisi, mwenyewe anasema anapapenda.

Ya tatu ni jointi iliyo kwenye kona, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo inayoangusha wengi. Zile reli ndefu za kupinda, za kama sentimita 91, ukiipinda yenyewe inataka kurudi kuwa nyoofu. Mwili wake unakubali kupinda ila ncha zake, sentimita tatu nne za mwisho, zinabaki zimenyooka. Ukiunganisha mbili katikati ya kona unapata pembe kama ya kibanda, sio kona. Kwa macho ya juu huioni, lakini weka shavu mezani uangalie kwa kufuata reli utaiona imevunjika pale. Dawa ni kuziunganisha zikiwa bado nyoofu juu ya meza, piga solda jointi zote mbili, ndo uipinde kama kipande kimoja. Na kumbuka katika reli za hivyo upande mmoja unateleza ndani ya mataruma, vile vipande vya kukingama vinavyobeba reli, ukishapinda reli ya ndani itachomoza nje ya ile ya nje, hiyo unaikata ndo uunganishe na kipande kinachofuata. Mataruma mawili matatu ya mwisho yatabidi uyatoe kupisha viungio, yatunze, utayapunguza unene na kuyasukuma chini baadaye kabla ya kokoto.

Kuhusu solda yenyewe: safisha reli kwa msasa laini upande wa nje, paka rozini, yaani ile ya mafundi redio. Dawa ya asidi ya mafundi bomba msiiguse, itakula reli na waya polepole na utakuja kulia baada ya mwaka. Weka vipande vya pamba vyenye maji pande mbili za unapochomea ili plastiki isiyeyuke. Chuma kiwe cha moto kwelikweli, gusa sekunde mbili tatu, solda ikitiririka toa. Wanaoyeyusha mataruma wengi chuma chao ni cha baridi, wanakiegemeza pale nusu dakika mpaka joto lote linahamia kwenye plastiki.

Inaanguka katikati ya kona, na jointi haipo

Kwanza angalia misumari. Ukipigilia msumari ukazama mpaka taruma likabonyea katikati, reli mbili zinalala kuelekeana na njia inakuwa nyembamba. Unapaswa kuacha nafasi ya karatasi kati ya kichwa cha msumari na taruma. Kuna kipimo cha bati cha NMRA, chama cha Wamarekani wa mambo haya, kinaonyesha upana wa njia na wa magurudumu, ukikipata nunua. Usipokipata chukua behewa moja unaloliamini, toa seti yake ya magurudumu, iviringishe kwa kidole kwenye kona yote. Inapokuwa nzito njia imebana. Chomoa msumari kidogo, iviringishe tena.

Pili, kona yenyewe imebana kuliko treni. Nusu kipenyo cha milimita 457, ile ya seti nyingi za Marekani, inafaa vichwa vifupi na mabehewa mafupi ya mizigo. Behewa refu la abiria la HO linakaribia sentimita 30, na kanuni ya mkono ni kona isiwe chini ya mara tatu ya urefu wa behewa lako refu kuliko yote, sasa hesabu mwenyewe, ni sentimita 90, chumba cha nani hicho. Wengi tunaishi na kona ndogo kuliko hapo na mabehewa mafupi, hamna aibu.

Tatu ni kona ya kulia inayofuatwa papo hapo na ya kushoto, kama herufi S. Behewa la mbele linavutwa huku, la nyuma linavutwa kule, viunganishi vinasukumana pembeni, moja linatoka. Weka kipande nyoofu katikati, angalau urefu wa behewa moja refu. Mimi nilikuwa na hiyo S kwenye mlango wa stesheni na nilibadilisha magurudumu ya mabehewa manne kabla ya kuiona. Pesa ilienda.

Nne, mbao chini imejinyonga. Weka pima maji ndogo ikikatiza reli mbili, isogeze kila sentimita tano. Povu likikimbia ghafla upande mmoja basi pale njia imepinda, gurudumu moja linaning'inia. Chomeka kipande cha karatasi ngumu chini ya mataruma upande ulio chini.

Njia imejikunja yenyewe, jana ilikuwa nzima

Hii ni ya watu wa pwani hasa. Unafunga chumba unasafiri wiki mbili, unarudi unakuta reli imeinuka katikati kama nyoka aliyekanyagwa. Watu watakwambia joto limerefusha reli. Kidogo kweli. Reli ya nikeli silva ya mita tatu joto likipanda nyuzi 20 inarefuka kama milimita moja tu, na chumba cha Dar hakibadiliki nyuzi 20 kati ya usiku na mchana, labda umekiweka chini ya bati tupu. Kinachotembea ni mbao. Unyevu ukiingia inavimba, kiyoyozi kikiwashwa siku kumi inasinyaa, na ikisinyaa reli zilizobanana ncha kwa ncha hazina pa kwenda isipokuwa juu au pembeni.

Meza yangu ya kwanza nilitumia zile mbao za vumbi lililokandamizwa kwa sababu bei nzuri na ziko nyoofu dukani. Zilikunywa masika yote. Kingo zilivimba mpaka rangi ikapasuka, na mlima wa asilimia 2, yaani sentimita mbili kwa kila mita, ukawa na nundu ambayo kichwa kilikuwa kinapanda na kuning'iniza magurudumu ya mbele hewani. Sasa hivi natumia plaiwudi ya milimita 12 kwenye fremu ya mbao kavu, na kabla ya kuweka chochote napaka rangi ya mafuta pande zote, juu, chini na kingo. Chini ndo watu wanasahau, wanapaka juu tu panapoonekana, halafu unyevu unaingia kwa chini na mbao inajikunja kama chapati iliyosahaulika kikaangoni.

Kama imeshajikunja: tafuta jointi mbili za karibu ambazo hazina solda, kata mwanya kwa msumeno mwembamba, kama unene wa kadi ya simu hivi, sukuma njia irudi chini, pigilia. Kwenye sehemu nyoofu usipige solda kila jointi, acha moja ipumue kila baada ya vipande viwili. Umeme utaupeleka kwa waya, tunafika sasa hivi.

Inapunguza mwendo upande wa mbali, au inazima kabisa

Treni inatoka mbio karibu na transfoma, ikifika upande wa pili inatembea kama imechoka, ikirudi inachangamka. Reli haipeleki umeme vizuri hivyo. Nikeli silva, jina linadanganya, haina hata chembe ya fedha, ni kopa, nikeli na zinki, na kwa umeme ni mbovu sana ukilinganisha na waya wa kopa mtupu. Ongeza viungio ambavyo vimepata kutu na gundi ndani yake na unaelewa.

Kujua ni jointi gani, acha treni izimike hapo ilipozimika, umeme ukiwa umewashwa, halafu kwa mpini wa plastiki wa bisibisi bonyeza jointi moja moja kurudi nyuma kuelekea transfoma. Ukibonyeza moja kichwa kikishtuka na kuondoka, umempata. Usikimbilie kukibana kile kiungio. Lehemu waya pale.

Ukweli ni kwamba kila kipande cha reli kinatakiwa kiwe na waya wake, wa kulia na wa kushoto, ushuke chini ya meza uende kwenye nyaya mbili kubwa zinazozunguka meza nzima. Kubwa natumia 1.5 ule wa kufungia taa za nyumba, mwekundu na mweusi, wa kushuka ni mwembamba wa sentimita 15 hivi. Ni kazi ya kuchosha shingo, utalala chini ya meza wikendi mbili solda ikikudondokea, vaa miwani. Lakini baada ya hapo kiungio kinabaki na kazi moja tu, kunyoosha reli.

Testa nayo inadanganya watu hapa. Unapima upande wa mbali bila treni unaona volti 12 kamili, unasema umeme upo. Upo wakati hamna mtu anayekula. Pima huku balbu ya volti 12 ya pikipiki ikiwa imeunganishwa palepale kwenye reli, uone inashuka mpaka ngapi. Wenye mfumo wa dijitali wa DCC jaribu sarafu: iweke ikikatiza reli mbili mahali pa mbali kuliko pote, mashine inatakiwa ikate umeme papo hapo. Isipokata toa sarafu haraka, nyaya zako hazitoshi, na siku treni ikianguka vibaya pale umeme utaendelea kupita mpaka plastiki inukie.

Kama inazima hapa na pale bila mpangilio, hiyo ni uchafu. Kitambaa cheupe kisichotoa nyuzi, spiriti kidogo, pitisha, kikitoka cheusi rudia. Magurudumu pia, maana yanahamisha ule weusi kurudi relini. Msasa wa kukwaruza usitumie juu ya reli, unaacha mikwaruzo ambayo uchafu unajificha ndani yake na wiki ijayo hali ni mbaya zaidi. Na kama umenunua reli za mtumba weka sumaku: ikinasa ni chuma, na chuma karibu na bahari kitakupa kutu kila wiki, hizo muwape watoto wacheze.

Inapiga shoti

Kama shoti ipo muda wote hata meza ikiwa tupu, tafuta kitu cha chuma juu ya reli kwanza. Naapa mara mbili nimekuta ni pini, na mara moja ni rula ya chuma niliyoilaza mwenyewe wakati napima. Isipokuwa hiyo chomoa nyaya za kushuka eneo moja moja mpaka ipotee.

Kama ulitengeneza njia inayozunguka na kurudi kwenye njia yake yenyewe ikielekea ilikotoka, au pembetatu ya kugeuzia vichwa, shoti ni lazima, reli ya kulia inakwenda kukutana na ya kushoto. Kata reli zote mbili kila mwisho wa kile kipande, weka viungio vya plastiki, kiwe na swichi yake ya kugeuza umeme. Hakuna ujanja mwingine.

Shoti ya nukta moja, cheche na treni inashtuka kwenye pointi tu, yaani pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili, hiyo inatokea pale reli mbili zinapokutana, sehemu inayoitwa frogi. Kwenye pointi zenye frogi ya plastiki reli mbili za umeme tofauti zinakaribiana sana na gurudumu pana linazigusa zote kwa pamoja. Paka rangi ya kucha juu ya reli pale zinapokaribiana, sentimita moja tu, acha ikauke. Nilimwibia mke wangu nyekundu, ameijua kwa sababu inaonekana mpaka leo. Kwenye pointi zenye frogi ya chuma ni tofauti, reli mbili zinazotoka kwenye frogi lazima uziwekee viungio vya plastiki, ukisahau shoti itakuja kila ukigeuza.

Pointi yenyewe

Ulimi ule unaosogea ukiwa haujalala kabisa kwenye reli, gurudumu la kwanza linaenda kulia, la pili kushoto, behewa linakaa kimshazari. Angalia kuna punje ya kokoto, ni moja tu inatosha. Ukikuta ulimi umelala vizuri lakini bado gurudumu linadaka ncha yake, ipunguze kwa tupa laini mpaka ncha ijifiche nyuma ya reli, ukipitisha ukucha usiisikie.

Behewa likiruka kwenye frogi pima umbali kati ya migongo ya magurudumu, kwa HO uwe karibu milimita 14.5. Yakiwa yamekaribiana yanagonga reli ya kinga, ile fupi iliyo mkabala na frogi. Yako sawa na bado linaruka? Basi reli ya kinga iko mbali, bandika ukanda mwembamba wa plastiki ubavuni mwake, jaribu, punguza, jaribu tena. Na pointi usiipigilie misumari katikati, inajipinda kama ndizi na ndimi zinaganda. Mbili kwenye ncha zinatosha.

Kichwa kifupi cha magurudumu manne kikizima juu ya frogi ya plastiki sio ubovu, pale hamna umeme na hakina miguu ya kufikia ng'ambo. Usipokitembeza taratibu mno kitapita kwa mbio zake.

Baada ya kokoto kila kitu kimeharibika

Ilikuwa inatembea vizuri, ukamwaga kokoto na gundi, sasa pointi haigeuki na behewa linarukaruka. Gundi imeingia kwenye viungo. Gundi nyeupe ya seremala inalainika kwa maji, dondoshea maji ya uvuguvugu kwa sirinji, subiri robo saa, sogeza ulimi taratibu mara nyingi, chokoa kwa kijiti cha meno. Punje zilizoganda ubavuni mwa reli upande wa ndani zinainua ukingo wa gurudumu, zivunje kwa bisibisi ndogo halafu pitisha kidole tena.

Safari nyingine panga kokoto kwa brashi ikiwa kavu, zisizidi uso wa taruma, lowesha kwanza kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo ili gundi inywe badala ya kukaa juu kama vitone, ndo udondoshee gundi iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji. Karibu na ndimi za pointi mimi siweki gundi kabisa, napaka rangi ya kokoto kwenye mbao na kunyunyiza punje chache mbali na mahali panaposogea.

Na kwa sababu hiyohiyo ya maji, reli nazigandisha kwa gundi nyeupe, supaglu hapana. Ile S ya mlango wa stesheni niliilowesha jioni, asubuhi nikapitisha kisu cha putti chini yake, ikatoka nzima na mataruma yake yote, nimeitumia kwenye njia ya pembeni ya mabehewa ya mafuta.